Somo: Kushusha gari ufukweni na kulala hapo mpaka asubuhi

Usiku mmoja niliamshwa na sauti ya maji yakigonga rimu za gari. Jioni yake nilikuwa nimesimamisha hema kwenye mchanga mkavu kabisa, na nikalala nikiwa na amani. Sikuwa nimeangalia mwezi. Ulikuwa mpevu, bahari ilikuwa kwenye bamvua, na maji yakapanda mbali kuliko nilivyowahi kuyaona pale. Gari tuliliokoa, hema likachukuliwa. Ndiyo maana somo hili linaanza na maji, halafu ndipo tuje kwenye gari.

Hatua ya 1: Yajue maji

Sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa na kujaa tena hupita kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo ratiba ya leo siyo ya kesho: husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji hupanda juu zaidi na kupwa mbali zaidi. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambayo tofauti yake ni ndogo.

Tafuta jedwali la maji la ufukwe wenyewe unaoenda. Ingia maji yakiwa yanatoka. Ukikwama wakati huo una saa kadhaa za kujichimbua. Ukikwama yanapojaa, unashindana na bahari.

Hatua ya 2: Kibali na kanuni

Kibali cha gari siyo kibali cha kulala. Cape Hatteras nchini Marekani, kwa mfano, unaruhusiwa kuendesha mchangani ukiwa na kibali, lakini kupiga kambi ufukweni ni marufuku. Mwendo nao hutofautiana sana: ufukwe mrefu wa mashariki wa kisiwa cha K'gari, Australia, una kikomo cha kilomita 80 kwa saa, ilhali Oceano Dunes, California, mwisho ni maili 15 kwa saa. Soma kanuni za unakokwenda, na usiku wa kuamkia safari uzisome tena, maana vipande vya ufukwe hufungwa ghafla ndege au kasa wanapotaga.

Hatua ya 3: Punguza upepo

Ukishika moja tu katika somo hili baada ya maji, shika hili. Tairi lenye upepo wa barabarani, tuseme psi 35 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo kwenye tairi), hukata mchanga kama kisu. Ukilishusha hadi psi 20 au 18 linalala, alama yake inarefuka, uzito wa gari unasambaa, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Watu wananunua vifaa vya gharama kabla hawajajifunza kufungua valvu.

Punguza kabla ya kugusa mchanga, kwenye matairi yote manne, ukipima kwa geji. Usishuke chini ya psi 15 isipokuwa umekwama, na hapo nenda polepole bila kona kali, kwa sababu tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Kabla ya kurudi kwenye lami jaza upepo tena. Tairi laini kwa mwendo wa barabara kuu hupata moto na kupasuka.

Beba geji, pampu ya upepo, koleo, kamba ya kuvutia, jeki na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Bila ubao, jeki huzama na gari hubaki pale pale.

Hatua ya 4: Kuendesha

Washa uvutaji wa magurudumu yote manne ukiwa bado kwenye ardhi ngumu. Pita kwenye mchanga mgumu ulioachwa na maji, chini kidogo ya mstari wa mwani. Mwendo uwe wa wastani usiokatika. Kona ziwe pana. Ukitaka kusimama, achia mafuta gari lisimame lenyewe. Breki kali hujenga tuta la mchanga mbele ya matairi. Simama pakiwa na mteremko kidogo kuelekea unakokwenda. Penye kijito kinachoingia baharini, shuka kwanza utembee kwa miguu, maana kingo zake hubadilika kila maji yanapotoka.

Hatua ya 5: Kambi

Tafuta mstari wa mwani na vijiti vilivyokauka: hapo ndipo maji makubwa ya karibuni yalipofika. Lala juu ya mstari huo, na kama bamvua linakuja, panda zaidi. Lakini usipande kwenye vilima vya mchanga vyenye majani. Majani hayo ndiyo yanayoushika mchanga, na njia moja ya tairi hutosha kuanza kuubomoa. Egesha gari kati ya hema na njia ya magari mengine, kwa sababu dereva wa usiku haoni mtu aliyelala chini.

Moto uzime kwa maji mengi. Kuufukia mchanga hakuuzimi. Joto hukaa chini kwa saa nyingi, na asubuhi mtoto anapita hapo peku.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, gari langu linavutwa na magurudumu ya mbele tu. Niende?*

Kama kanuni za pale zinaruhusu na mchanga ni mgumu, linaweza kupita. Mimi nisingeshauri kulala nalo huko. Jioni mchanga ulikuwa umebanwa na maji, asubuhi umekauka na kulegea, na njia ya kutoka siyo ile uliyoingilia.

*Ukikwama unaanza na nini? Mimi huwa nakanyaga mafuta.*

Acha mafuta, ndugu yangu. Kila mzunguko wa tairi unashusha gari. Shuka, ondoa mchanga mbele na nyuma ya matairi na chini ya tumbo la gari, punguza upepo hadi psi 15, kisha rudi nyuma taratibu kwenye alama zako mwenyewe. Ukivutwa, kamba ifungwe kwenye ndoano imara ya chasisi. Usiifunge kamwe kwenye kichwa cha mviringo cha kukokotea trela: kikikatika huruka kama risasi, na kimeshaua watu. Wengine wote wasimame mbali.

*Vigingi vya hema havishiki mchangani, upepo ukija vinang'oka.*

Jaza mchanga kwenye mifuko, funga kamba za hema kwenye mifuko hiyo, uifukie kwa kina cha mkono. Inashika kuliko chuma.

*Kuna kasa wanapotaga tunapokwenda. Taa zina shida gani?*

Watoto wa kasa wakianguliwa usiku hufuata mwanga wa upeo wa bahari. Taa ya kambi huwavuta kuelekea nchi kavu, wakachoka na kuliwa. Zima taa za nje, tumia taa nyekundu hafifu, na usiendeshe usiku. Asubuhi kabla ya kuondoka, sawazisha kwa koleo mitaro ya matairi uliyoiacha kati ya vilima na maji. Mtoto wa kasa akiingia humo hawezi kupanda kutoka, hufuata mtaro mpaka jua limkute.