Jinsi ya kuandika riwaya ya siri ya familia ya huku kwetu ziwani (anza na mwezi)

Binti wa jirani yetu hapa Kirumba aliniletea mswada wa riwaya yake. Kipaji anacho. Lakini sura ya kwanza ilikuwa na ukungu mzito, mnara wa taa na jumba la kale lenye mlango unaolia. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii ni Mwanza ipi?" Akacheka. Tukakaa kibarazani Jumamosi nne. Haya hapa tuliyoyafanya, pamoja na kosa lililonila mimi miezi mitatu nilipoandika ya kwangu.

Hatua ya 1: Tafuta kosa, mauaji yaache

Tafuta kosa ambalo mtu wa kawaida anaweza kulifanya asubuhi na jioni akala ugali wake. Katika riwaya yangu, ndugu wawili wana mtumbwi mmoja wa dagaa. Mdogo anajua mashine inazima ovyo, ila hela ya fundi ameshaitumia. Ananyamaza. Kaka mtu anaingia ziwani, harudi. Hakuna kisu, hakuna sumu. Miaka kumi na tano baadaye binti wa marehemu anaanza kuuliza maswali.

Mganga asije akafumbua fumbo lako. Na ile barua ya marehemu chini ya godoro, iache hukohuko.

Hatua ya 2: Mahali

Ukungu wa sinema tupa. Vya kutisha tunavyo: wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi, mpaka unawakuta kwenye chai, gugumaji linalosukumwa na upepo usiku, asubuhi mwalo mzima (pale mitumbwi inaposhusha samaki) umefungwa, korongo wale wenye mifuko shingoni, wamejipanga juu ya bati wakisubiri matumbo ya samaki. Kagua na miaka. Gugumaji lilianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo mhusika wa 1975 halijui. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo mtu wa Sengerema alitegemea kivuko, na aliyekosa cha mwisho alilala ng'ambo. Mpelelezi wako anaweza kuishi na jambo hilo moja sura tatu nzima.

Hatua ya 3: Kalenda ya siri

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilie.

Nunua kaunta buku, kwaya mbili inatosha. Kompyuta weka mbali. Ukifuta kitu kwenye kompyuta hukioni tena, na katika kazi hii kilichofutwa utakihitaji. Kila mhusika mpe ukurasa wenye safu tatu: anajua nini, alikijua lini, na anadhani nani mwingine anakijua. Safu ya tatu ndiyo riwaya. Mama anajua na anadhani shemeji hajui kwamba anajua; shemeji naye vivyo hivyo. Wanakula meza moja miaka kumi na tano.

Halafu andika tarehe. Mimi niliweka ajali usiku wa tarehe 4 Oktoba 2009. Nikapamba: karabai zimetapakaa ziwani kama mji unaoelea, mwezi mpevu juu yake. Nikampelekea mzee mmoja aliyevua dagaa tangu ujana. Alisoma ukurasa mmoja, akavua kofia. "Mwalimu, huyu marehemu wako alifuata nini ziwani? Dagaa wanavuliwa giza."

Kweli tupu, na mimi nimekulia hapa! Dagaa huvutwa na taa. Mbalamwezi ikitawala, taa haina kazi. Mitumbwi inapandishwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu. Sura kumi na nne zilikuwa zimejengwa juu ya usiku ule.

Namna ya kukagua bila kuhangaika: tumia Idd. Idd el-Fitri huja na mwezi mwandamo, kwa hiyo usiku wa karibu na Idd ni giza, na wiki mbili mbele ni mbalamwezi. Mwaka 2009 Idd iliangukia tarehe 20 au 21 Septemba. Ongeza wiki mbili, unatua palepale kwenye aibu yangu. Kwa mwezi mwingine wowote, hesabu mizunguko ya siku 29 na nusu.

Angalizo. Mwezi mpevu huchomoza jua likizama na kukaa hadi alfajiri, lakini kila siku inayofuata huchelewa kwa takribani dakika hamsini. Siku tano baada ya kupevuka, una saa kadhaa za giza mwanzoni mwa usiku, na mtu mwenye njaa anaweza kuingia. Tena haya ni ya dagaa: nyavu za sangara hutegwa zikalala majini, hazingoji taa. Usinichanganyie.

Nilitaka kuisogeza ajali hadi tarehe 18 Oktoba, giza totoro, yaishe. Nikafuta, nikaandika, mambo mengine yakaporomoka: msiba uligongana na mitihani, mimba ya mtu ikawa ya miezi kumi na moja. Wiki ya tisa nikarudisha tarehe 4. Nikaiacha familia iseme vilevile, kwamba alikwenda dagaa. Mwalo mzima ulisikia msibani, na kila mvuvi pale alijua mwezi ulikuwaje. Hakuna aliyeuliza. Binti anakuja kukutana na tarehe ile kwenye msalaba wa kaburi lisilo na mtu ndani.

Hatua ya 4: Hatia

Neno "hatia" lifute kila unapolikuta. Mwenye hatia ni mwema kupita kiasi. Baba mdogo wa riwaya yangu, yule aliyenyamaza, analipa ada ya binti wa marehemu kabla shule haijadai.

"Shikamoo baba."
"Marahaba mama. Umekula?"
"Nimekula. Ile mashine ya marehemu iliuzwa?"
"Kuna sato jikoni. Mwambie mama mdogo wako akukaangie."

Machozi, kukosa usingizi, ndoto za maji: moja tu katika kitabu kizima.

Hatua ya 5: Andika

Kurasa mbili kwa siku, kabla umeme haujakatika.

Hatua ya 6: Wasomaji

Ndugu zako wawe wa mwisho; watajitafuta humo, na mmoja atajipata. Anza na mtu wa mwaloni. Chapa kwenye karatasi, herufi kubwa, kwani miwani huwa ameisahau nyumbani. Nenda wakati wa mbalamwezi, ndipo ana nafasi.