Akishaolewa, akishaingia mtumbwini: jinsi ya kumfikisha mtoto kwenye matibabu

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mialo ninayozunguka, yaani fukwe ambako mitumbwi ya wavuvi hutua, ni ya upande wa Igombe na Kayenze, hapa Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Kumzuia mtoto asiolewe tumekusema sana mikutanoni, na tutaendelea. Leo namwandikia shangazi, jirani au mwalimu aliyekuta mambo yameshatokea: binti wa miaka 15 yuko kwa mume, mdogo wake wa kiume anakesha ziwani. Watoto hao bado wanahitaji mtu, na huenda mtu huyo ni wewe.

Kwanza chagua siku. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika. Siku hizo ndizo utamkuta baba nyumbani, kijana yupo, mume wa binti yupo, na hakuna anayekimbilia mwaloni. Ukienda wakati wa giza utaongea na watu wenye usingizi. Ukifika, salimia, kaa, pokea maji ukipewa. Usitangulize sheria. Mzee akisikia neno polisi atakuambia mtoto amekwenda kwa bibi yake Ukerewe, na hutamwona tena. Ulizia mwili wake. "Mayu (mama), huyu anakohoa tangu lini?" "Mbona viganja vyake vimekuwa vyeupe hivi?" Mzazi aliyekataa kuzungumzia ndoa atazungumzia kikohozi, maana mtoto ni wake na anampenda.

Kuna hali isiyosubiri mbalamwezi. Mtoto akibakwa, awe wa nyumbani au wa kambi ya wavuvi, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Asioge kwanza, nguo alizovaa zisifuliwe. Fomu ya polisi, yaani PF3, isiwe sababu ya kuchelewesha matibabu.

Kwa kijana wa mtumbwini, anza na kichocho. Watu wengi hapa wanasubiri kuona mkojo wenye damu, wasipouona wanasema mtoto ni mzima. Kichocho kinachotawala kando ya ziwa letu ni cha tumbo. Ulizia choo chenye damu, kuharisha kunakojirudia, tumbo kuuma. Kikikaa miaka bila dawa, ini na bandama huvimba, na siku moja mtu anatapika damu. Dawa yake, prazikwanteli, hugawiwa shuleni. Hapo ndipo anapoachwa huyu aliyeacha shule: wenzake wanameza, yeye yuko majini. Mpeleke zahanati, mwambie mtoa huduma waziwazi kwamba anafanya kazi ziwani na hakupata dawa ya shule. Akirudi majini ataambukizwa upya, kwa hiyo dawa ya mara moja haitoshi.

Kisha mwangalie mikono. Miiba ya sangara na ndoano huacha vidonda vidogo ambavyo hakuna anayevijali. Vioshwe kwa maji safi na sabuni, visipakwe majivu wala mafuta ya taa, na uulize chanjo ya pepopunda. Ndoo ya lita 20 ya dagaa wabichi kichwani, kutoka majini hadi kwenye chanja, asubuhi nzima, inaumiza shingo, mgongo na magoti ya mtu ambaye mifupa yake bado inakua. Hilo humpata zaidi dada yake, ndiye anayebeba na kuanika. Na msichana anayebanika samaki kwenye moshi kutwa nzima, muulize kuhusu kifua na macho.

Kuna kitu ambacho kijana hatakuambia mbele ya baba: pombe, bangi, na mambo ambayo wakubwa huwafanyia wadogo kambini. Tafuta namna ya kutembea naye peke yake. Mimi huwaomba wanisindikize hadi barabarani.

Sasa binti, na hapa nitakaa kidogo.

Mume wake anaogopa, kwa sababu amesikia kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Mama mkwe anaogopa pia. Matokeo yake binti mjamzito anafichwa ndani, kliniki haendi, na uchungu ukimshika anaitiwa mkunga wa jirani. Hofu hiyo ndiyo inayotuulia mabinti. Waambie wazi kwamba muuguzi kazi yake ni kumtibu binti, na kwamba huduma ya mjamzito katika vituo vya serikali hailipiwi. Kadi ya kliniki ikatwe mapema, kabla ya wiki ya 12 ikiwezekana. Kama mume hataki kuonekana, nenda naye wewe.

Nyumbani angalia mambo haya. Vuta kidogo ngozi ya chini ya jicho: pakiwa peupe, damu imepungua. Muulize kama anakula udongo wa pemba, na asiaibishwe kwa hilo, ni dalili ambayo wengi huwa nayo wakiwa na upungufu wa damu. Anapaswa kupata vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria. Kichwa kikimuuma sana, akiona ukungu, uso na mikono vikivimba au akiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, hicho huenda ni kifafa cha mimba kinakuja, na mabinti wadogo wako kwenye hatari zaidi. Asilazwe nyumbani aombewe kwanza. Piga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga.

Kuhusu kujifungua, sema neno moja na lirudie kila mara: huyu asizalie nyumbani, na ikiwezekana azalie penye chumba cha upasuaji. Nyonga yake bado haijakomaa. Kichwa cha mtoto kikikwama, kinabana kibofu hadi nyama zinakufa, na siku chache baadaye mkojo unavuja wenyewe usiku na mchana. Hiyo ndiyo fistula. Nimeona binti akikunja kanga mara nne na kuikalia, anaondoka kwenye benchi kabla mtu hajakaa karibu. Hakurogwa. Akianza kuvuja apelekwe mara moja, maana tundu dogo likiwahiwa huweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Kubwa hufanyiwa upasuaji, na Hospitali ya Bugando, Mwanza mjini, wanaufanya. Kwa wa Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 limeondoa kisingizio cha kivuko.

Kliniki, mama mkwe atataka kukaa pembeni na kujibu kila swali kwa niaba yake. Mnong'oneze muuguzi mapema. Binti akiitwa kutoa mkojo wa kupima, muuguzi humfuata, na dakika hizo chache zinatosha kumuuliza kama anapigwa, kama ana chakula, kama anataka kurudi kwao.

Sheria inafuata baada ya mwili kupata msaada, na ujue inasema nini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza asifanye kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, muda uleule wa dagaa. Vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti aolewe na miaka 15 Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyezaa anaruhusiwa kurudi shuleni, jambo ambalo wazazi wengi wa mwaloni bado hawajalisikia. Waambie mtoto akishanyonya vizuri na mama amepona. Siku hiyohiyo ongeeni uzazi wa mpango, mimba ya pili isimfuate haraka.

Ukiona kwamba nyumba haisikii na mtoto anaumia, piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, bila malipo, au nenda kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Andika kabla hujapiga: jina la mtaa, umri wa mtoto, dalili ulizoziona, na nani yuko naye usiku huo.