Jinsi ya kutumia hita ya injini kwenye lori wakati wa baridi kali: anza na waya

Ndugu zetu wengi kutoka Kongo, Kenya, Burundi na Tanzania siku hizi wanaendesha malori North Dakota na Minnesota huko Marekani, wengine wanavuka hadi Manitoba, Kanada. Huku mwezi wa Januari, kuamkia nyuzi -25 za Selsiasi ni jambo la kawaida. Oili ya 15W-40 inakuwa nzito kama uji uliopoa, betri ikifika -18 inabaki na karibu nusu ya nguvu zake, na injini ya dizeli, ambayo huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, haipati joto hilo kwenye chuma kilichoganda. Ndiyo maana bloku, yaani mwili wa injini, huwekewa hita ya umeme inayopasha kulanti, ile maji ya dawa inayopoza injini na isiyoganda. Wazo lenyewe ni la huku huku: Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, alipata hataza ya hita yake ya injini mwaka 1949.

Majuzi nimemsaidia kijana wa Goma aliyechomeka pikapu yake usiku kucha na asubuhi ikagoma. Alikuwa tayari kununua hita mpya, kumbe yake ilikuwa nzima kabisa.

Hatua ya 1: Tafuta plagi

Mara nyingi inaning'inia kwenye grili au chini ya bampa. Kwenye semi (lori kubwa la trela) nyingine iko karibu na ngazi ya dereva.

Hatua ya 2: Angalia kulanti

Iwe imejaa. Hita ikiwaka bila kulanti kuizunguka inaungua haraka sana. Kama umetoka kubadilisha kulanti, endesha kwanza hadi injini ipate moto ili hewa itoke, ndipo uje uchomeke. Mchanganyiko wa kulanti na maji uwe nusu kwa nusu, unavumilia hadi karibu -37. Usiongeze kulanti tupu ukidhani unazidisha kinga. Ikiwa peke yake bila maji inaganda mapema zaidi.

Hatua ya 3: Pima kabla hujaiamini

Hapa ndipo watu wanapopoteza usiku mzima, kwa hiyo usiharakishe. Plagi kuingia kwenye soketi si ushahidi kwamba hita inafanya kazi.

Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye om (kipimo cha ukinzani), gusa miguu miwili bapa ya plagi ya gari (isiwe imechomekwa popote). Hesabu ni volti mara volti, gawanya kwa wati. Kwa umeme wa volti 120, hita ya wati 1500 isome karibu om 9.6, ya wati 1000 karibu 14.4, ya wati 750 karibu 19. Kisha gusa mguu mmoja bapa na ule wa duara wa ethi. Hapo mita isisome kitu. Ikisoma, umeme unavuja kwenye bodi ya gari. Usichomeke tena mpaka fundi aione.

Mita ikionyesha njia imekatika, usikimbilie kusema hita imeungua. Baadhi ya pikapu za Silverado na Sierra zina thamostati (swichi inayofuata joto) ndani ya plagi ya waya, inayozuia umeme kupita mpaka baridi ishuke chini ya -18. Ukipima ndani ya gereji yenye joto, utaona imekatika kila mara. Hilo ndilo lililomchanganya yule kijana: alipima gerejini, akahukumu hita. Na usitegemee kuitia plagi kwenye friza ya nyumbani, maana friza nyingi ziko kwenye -18 hiyo hiyo na jibu litakuwa la kubahatisha. Ama subiri usiku wa baridi ya kweli upime nje, ama fungua waya upande wa bloku na upime vichwa vya hita yenyewe. Mimi napendelea njia ya pili, hata kama mikono itachafuka, kwa sababu inatenganisha hita na waya moja kwa moja.

Kwake hita ilisoma sawasawa. Ule upande wa waya unaoingia kwenye hita ulikuwa umelegea na pini zina kutu nyeupe ya chumvi ya barabarani. Waya mpya, grisi ya umeme kwenye pini, kila kitu kikabana, kazi ikaisha. Waya huchakaa mapema kuliko hita, maana ndio unaopigwa na theluji, chumvi na mtikisiko.

Hatua ya 4: Ekstensheni

Wati 1500 ni ampea 12.5, mfululizo, kwa saa kadhaa. Ile ekstensheni nyembamba ya taa za Krismasi ni hatari ya moto. Nunua iliyoandikwa 12/3 (12 ni unene, 3 ni idadi ya nyaya ndani), yenye herufi W ya matumizi ya nje, na fupi kadiri inavyowezekana. Kumbuka kwenye unene namba ndogo ndiyo waya mnene. Iwe moja tu, usiunganishe mbili. Ikunjue yote, na maungio yasizikwe kwenye theluji. Baada ya nusu saa shika plagi zote mbili: vuguvugu ni sawa, moto chomoa. Soketi ya nje iwe na kinga ya kukata umeme unapovuja, na isiwe na mzigo mwingine mkubwa.

Hatua ya 5: Muda

Saa tatu au nne kabla ya kuondoka zinatosha. Usiku kucha ni kulipia umeme bure. Nunua taima ya nje ya ampea 15. Sikubaliani na wanaosema ni anasa.

Hatua ya 6: Chomoa, kisha washa

Anza na soketi ya ukutani. Mimi huning'iniza funguo za gari pale pale kwenye soketi, kwa hiyo siwezi kuondoka nikiburuta waya.

Usipulizie etha (dawa ya kopo ya kuwashia injini) kwenye injini yenye plagi za moto, zile zinazopasha silinda, au hita ya hewa inayoingia. Inaweza kulipuka na kuvunja injini. Na hita ya bloku haipashi tangi la mafuta: dawa ya kuzuia dizeli kuganda inatiwa kabla ya baridi kuingia, wakati wa kujaza mafuta. Injini ikiwa vuguvugu na bado inagoma, nenda kwenye betri na filta ya dizeli.