Jinsi ya kuripoti hitilafu ya aplikesheni hadi msanidi aifanyie kazi

“Haifanyi kazi. Wezi wakubwa nyie.” Nyota moja. Kazi yangu ni kusoma maoni ya watumiaji na kuwapelekea wasanidi, yaani watengenezaji wa aplikesheni, yanayorekebishika, na hili halirekebishiki, hata kama aliyeliandika ana kila haki ya kukasirika. Msanidi anataka kuiona hitilafu ikitokea kwenye simu yake mwenyewe. Mfikishe hapo.

1. Hakikisha kosa ni la aplikesheni

Fungua kitu kingine kwa bando hilohilo. Funga aplikesheni kabisa, ifungue upya, angalia kama kuna toleo jipya. Machi 2021 aplikesheni nyingi za Android, Gmail ikiwamo, zilianza kujifunga zenyewe. Kilichoharibika kilikuwa Android System WebView, kipande cha mfumo kinachoziwezesha aplikesheni kuonyesha kurasa za wavuti, na tiba ikawa kusasisha WebView pamoja na Chrome. Aliyemshushia nyota msanidi wa aplikesheni siku ile alimwonea tu.

Kufuta akiba (cache), yaani mafaili ya muda ya aplikesheni, hakuna madhara. Kufuta data au kuiondoa aplikesheni ni habari nyingine: taarifa ambazo hazijapanda kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayoihudumia aplikesheni, zinaweza kupotea, na ushahidi pia.

2. Irudie hitilafu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Rudia ulichokifanya, polepole, ukiandika kila unapogusa. Kisha badilisha kitu kimoja uone kama bado inatokea.

Tuseme wewe ni mhazini wa kikoba na aplikesheni inakataa namba za simu za wanachama. Ukiandika “namba hazikubali”, utajibiwa “tafadhali fafanua”, na siku mbili zimeshapita. Andika hivi:

“Nikibandika namba niliyoinakili kutoka WhatsApp, yenye nafasi mbili katikati, tarakimu mbili za mwisho zinakatwa na inatokea ‘Namba si sahihi’. Nikiiandika kwa mkono bila nafasi, inakubali. Nimejaribu kwa wanachama watatu, ni vilevile. Nilitarajia ipokee namba nzima.”

Msanidi akisoma hapo hahitaji kukuuliza kitu. Kisanduku kimewekewa kikomo cha herufi 10, na zile nafasi mbili zinahesabiwa kama herufi. Marekebisho yake ni mistari michache. Angalia ripoti ilivyopangwa: ulichofanya, kilichotokea, ulichotarajia, na ile sentensi ya thamani kuliko zote, lini *haitokei*.

Hitilafu inayokuja na kuondoka iandikie tarehe na saa, maana msanidi ataitafuta kwenye kumbukumbu za seva. Ila angalia saa zetu. Ukimwandikia mtu wa nje “saa 2:15”, ataanza kupekua saa nane na robo, ya mchana au ya usiku, wakati wewe ulimaanisha saa mbili na robo usiku. Mwandikie “20:15, saa za Afrika Mashariki”.

3. Taja toleo na simu

Kwenye Android nenda Mipangilio, kisha Programu, gusa jina la aplikesheni. Namba ya toleo huwa chini kabisa. Jina la simu na toleo la Android viko sehemu ya Kuhusu simu. “Toleo 4.2.1, Tecno Spark 10, Android 13” inatosha. “Toleo jipya” haisemi kitu, kwa sababu kesho litakuwa la zamani.

4. Piga picha ya skrini, halafu uifunike

Ujumbe wa kosa upigwe picha kama ulivyo, usiusimulie. Kama tatizo ni mfululizo wa hatua, rekodi skrini kwa nusu dakika. Kabla ya kutuma, ziba salio, namba za simu na majina ya watu. Namba ya siri na zile tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwa meseji hazihitajiki kwenye ripoti yoyote. Anayekuomba ni tapeli, hata akijiita huduma kwa wateja.

5. Tuma kwa msanidi kwanza

Tafuta sehemu ya msaada ndani ya aplikesheni, au barua pepe ya msanidi kwenye ukurasa wake wa Play Store. Tatizo moja, ujumbe mmoja. Ukichanganya matano, litashughulikiwa lile jepesi.

6. Ndipo uache maoni

Maoni ya Play Store yanaonekana na kila mtu, pamoja na jina la akaunti yako. Kila siku naona watu wameacha namba zao pale, “nipigieni hela yangu imekwama”. Anayepiga si lazima awe sisi. Msanidi anaweza kukujibu palepale, lakini jibu lake lina kikomo cha herufi 350, kwa hiyo usitegemee kesi ya muamala itamalizwa hapo.

Kwenye maoni mwambie msomaji anayefikiria kuipakua: unaitumia kwa kazi gani, nini kizuri, nini kinakwamisha. Nyota tatu zenye maelezo mimi nazipeleka kwenye kikao. Tano zenye “nzuri sana” zinanifurahisha tu.

Hitilafu ikirekebishwa, rudi kwenye maoni yako yaleyale uyahariri. Maoni mapya yanachukua nafasi ya ya zamani, nyota na maneno. Isiporekebishwa, hariri pia, na utaje toleo ambalo bado lina tatizo.