Jinsi ya kusimulia maisha ya Helmut Schmidt bila watu kusinzia

Haya, umepewa kazi ya kumuelezea kiongozi wa mrengo wa kati-kushoto, iwe darasani au kwenye video, ukamchagua Helmut Schmidt, kansela (yaani mkuu wa serikali) wa Ujerumani Magharibi 1974 hadi 1982. Umechagua vizuri. Ila usianze na "alizaliwa Hamburg mwaka 1918", watu watatoa simu zao.

Anza na mafuriko. Usiku wa kuamkia 17 Februari 1962 dhoruba ilivunja kingo za maji Hamburg, watu 315 wakafa mjini humo. Schmidt ndo alikuwa msimamizi wa polisi wa jiji, akaita wanajeshi na helikopta za NATO wakati katiba haikumpa ruhusa ya kulitumia jeshi hivyo, yaani aliokoa watu kwanza mambo ya sheria yakaja baadaye. Hapo msikilizaji ameshamjua hata chama hujakitaja.

Rudi nyuma sasa, fasta: alipigana kwenye jeshi la Hitler huku familia ikificha kwamba babu yake mzaa baba alikuwa Myahudi (hii usiiruke!), akaishia mateka wa Waingereza, 1946 akajiunga na SPD (chama cha demokrasia ya kijamii, cha kati-kushoto), akasoma uchumi, bunge 1953, waziri wa ulinzi 1969, wa fedha 1972. Inatosha.

Halafu kuanzia alipoupata ukansela Mei 1974, baada ya Willy Brandt kujiuzulu kwa sababu msaidizi wake alikuwa jasusi wa Ujerumani Mashariki, kila uamuzi uulizie kitu kimoja tu: nani alinuna? Na uanze kutafuta ndani ya chama chake mwenyewe. Mfano makombora. Schmidt aliunga mkono uamuzi wa NATO wa Desemba 1979, kwamba tuongee na Wasovieti, ikishindikana makombora ya Marekani yaje Ulaya. Oktoba 1981 watu kama laki tatu wakaandamana Bonn, mji mkuu wa wakati huo, kupinga, na wengi tu wa SPD walikuwa upande wa waandamanaji. Kwa upande mwingine, rafiki yake mkubwa alikuwa Giscard d'Estaing wa Ufaransa, ambaye hata sio wa kushoto, na wawili hao ndo waliosukuma mkutano wa Rambouillet 1975 uliozaa hii G7 ya leo, kundi la nchi saba tajiri.

Muda mwingi upe Oktoba 1977, hasa kama unaongea na watu wa kwetu, maana imeishia jirani. Magaidi walikuwa wamemteka Hanns Martin Schleyer, kiongozi wa waajiri, wanataka wenzao watolewe jela. Schmidt akagoma. Halafu ndege ya Lufthansa, shirika la ndege la Kijerumani, nayo ikatekwa kwa madai hayohayo, ikazungushwa Roma, Larnaca, Bahrain, Dubai, Aden ambako rubani aliuawa, mwisho ikatua Mogadishu. Serikali ya Siad Barre, rais wa Somalia, ikakubali makomando wa Kijerumani waingie, usiku wa kuamkia tarehe 18 wakaivamia na mateka wote waliobaki wakatoka hai. Usiishie kwenye makofi lakini, Schleyer aliuawa, na Schmidt alijua tangu mwanzo kwamba huenda ikawa hivyo. Mi naona hapa ndo pagumu kuliko pote kwenye maisha yake, kwahiyo usimtetee wala usimhukumu haraka, waache watu wabishane.

Kuanguka kwake kupitie kifupi: FDP, chama kidogo alichotawala nacho, wakamkimbia, 1 Oktoba 1982 bunge likamweka Helmut Kohl awe kansela badala yake.

Jiandae na maswali. Lazima mtu atamnukuu kwamba mwenye maono aende kwa daktari, mwambie Schmidt mwenyewe alieleza baadaye kuwa lilikuwa jibu la hovyo kwa swali la kijinga. Na wataulizia sigara. Ndiyo, alivuta mpaka uzeeni, hata kwenye studio za tivii, akafa 2015 ana miaka 96.