Somo: Kuratibu dharura tatu zinazotokea kwa wakati mmoja

Wakuu, chukulieni mfano huu: mafuriko yamehamisha watu 1,200 kwenye makazi ya muda, ghala linawaka upande wa pili wa mji, na jioni hiyo hiyo wagonjwa wa kuharisha wanaanza kuongezeka kambini. Kila tukio lina msimamizi hodari, lakini kazi inakwama kwa sababu magari, watu na mafuta vinatoka kapu moja, na wanaoviomba ni watatu.

Hatua ya 1: Tenga msimamizi na mgawaji. Kila tukio liwe na msimamizi wake mmoja. Juu yao awepo mtu mmoja wa kugawa rasilimali, naye asisimamie tukio lolote. Akipewa na moto pia, bila kukusudia ataupendelea moto. Wanaoripoti kwa mtu mmoja wasizidi saba, na watano ndiyo idadi nzuri. Utaratibu huu ulikomaa California baada ya mioto ya mwaka 1970, ambapo vikosi vingi vilifika vikiwa na amri na lugha tofauti za redio.

Hatua ya 2: Ubao mmoja. Safu zake: kifaa, kilipo, nani anacho, kimetoka saa ngapi, kinarudi saa ngapi. Hali ni tatu tu: kazini, tayari, hakifai. Kosa linaloua mipango ni gari lililo njiani kuhesabiwa mara mbili, huku linakotoka na kule linakokwenda. Likishaondoka, liandike "kazini" kule linakokwenda, basi.

Hatua ya 3: Panga kwa saa, usipange kwa kelele. Muulize kila msimamizi: tukichelewa saa moja, nini kitaharibika kisichorudi? Moto wa ghala lililojitenga, lisilo na mtu ndani, unaweza kuzungukwa na kuachwa uishe. Kipindupindu hakisubiri asubuhi: mgonjwa mkali asiyerudishiwa maji anaweza kufa ndani ya saa chache. Waratibu wengi hukosea hapa, kwa kuwa moshi unaonekana na kuharisha hakuonekani.

Hatua ya 4: Bakiza akiba. Angalau gari moja na timu moja visipangwe popote. Tukio la nne likija huna akiba, utalazimika kuvunja timu iliyo katikati ya uokoaji.

Hatua ya 5: Tazama tukio moja linavyozaa jingine. Mafuriko hukata umeme, pampu husimama, watu huchota maji machafu, wagonjwa huongezeka. Kwa hiyo jenereta ya pampu ni kazi ya afya pia, japo ipo mikononi mwa mafundi. Piga hesabu mapema:

- Maji lita 15 kwa mtu kwa siku: watu 1,200 wanahitaji lita 18,000, yaani safari 2 za boza la lita 9,000.
- Bomba 1 kwa watu 250: weka 5.
- Choo 1 kwa watu 50 siku za mwanzo (24), kisha shuka hadi 1 kwa watu 20 (60). Shimo liwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji.
- Klorini inayobaki kwenye maji bombani: miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Pima na ndooni pia, maana hupungua maji yakikaa.

Hatua ya 6: Mawasiliano na zamu. Kila tukio na masafa yake ya redio ya upepo, na masafa moja ya mgawaji na wasimamizi peke yao. Zamu isizidi saa 12. Wapishanao wakae pamoja nusu saa mbele ya ubao, kwani mengi hupotea pale mtu aliyechoka anapokabidhi kwa mdomo huku anavaa viatu.

Maswali ya wanachama

*Wasimamizi wawili wanataka ambulensi ya mwisho. Apewe nani?*
Waulize idadi ya wekundu, yaani majeruhi wa kuhudumiwa kwanza, si ya majeruhi wote. Mwekundu ni anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au asiye na mapigo kwenye kifundo cha mkono, au asiyeweza kufuata agizo rahisi kama "finya mkono wangu". Anayetembea mwenyewe ni kijani, anaweza kusubiri. Wekundu wakilingana, peleka pale ambulensi itakapowahi kwenda na kurudi.

*Mtandao wa simu ukizidiwa, na redio hatuna?*
Jaribu ujumbe mfupi kwanza. Mara nyingi hupenya pale simu ya sauti inaposhindwa. Ukishindikana, tumia wajumbe wa pikipiki wenye karatasi iliyoandikwa saa, na mkubaliane mapema muda na mahali pa kukutana. Ujumbe wa mdomo hubadilika njiani.

*Ndugu mratibu, watu 60 wa kujitolea wamefika bila kuitwa. Tuwarudishe?*
Hapana. Waandikishe, wagawe makundi ya watano watano yenye kiongozi, uwape kuchota, kubeba na kuelekeza watu. Wasiingie kwenye maji yanayokwenda kasi wala wodi ya kipindupindu bila mafunzo.

*Moto ukishazimwa, gari liende mafurikoni moja kwa moja?*
Lipitie kwanza "hakifai". Jaza mafuta na maji, kagua mipira ya maji, pumzisha wafanyakazi. Ndipo mgawaji, si dereva wala msimamizi wa moto, aliandike "tayari".