Faili Mkononi: Jinsi ya Kufuatilia Matibabu Yako ya Saratani

Mgonjwa wa saratani huhudumiwa na watu wengi ambao aghalabu hawaonani: daktari aliyeshuku uvimbe kwanza, mpasuaji aliyechukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, mwanapatholojia aliyekichunguza kwa hadubini, mtaalamu wa picha, daktari bingwa wa saratani, wahudumu wa mionzi, mfamasia na karani wa bima. Kila mmoja ana kipande chake cha habari, na mtu pekee aliyepita katika vyumba vyote hivyo ni mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalolisisitiza ni kuwa na faili lako, na kutotoka katika chumba chochote bila nakala ya kilichoandikwa humo.

Nilijifunza hili nilipokuwa nikimsindikiza dada yangu. Tulikuwa tumesubiri miadi ya daktari bingwa kwa wiki kadhaa. Alipofungua jalada alikuta barua ya rufaa na picha za kifua, lakini majibu ya kinyama hayakuwamo. Alipekua karatasi mara mbili, akalifunga jalada taratibu, akasema hawezi kuanza dawa yoyote bila majibu yale. Alikuwa na haki. Tuliondoka na tarehe nyingine, na jioni ile dada yangu alinunua faili la plastiki, akaandika jina lake juu kwa kalamu nene, na tangu siku hiyo halikubanduka kwapani mwake.

Ripoti ya patholojia ndiyo karatasi iliyobeba mengine yote, kwa sababu ndiyo inayotaja aina ya saratani na jinsi seli zake zilivyobadilika, na katika baadhi ya saratani hutaja pia dawa zipi zina nafasi ya kufanya kazi. Kwa mfano, mgonjwa wa saratani ya matiti anapaswa kuona humo majibu ya vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni hizo, pamoja na protini ya HER2; yakikosekana, uliza kama vipimo vimefanyika, kwa maana ndivyo vinavyoamua kama atapewa dawa za homoni au dawa zinazolenga HER2. Uliza pia kinyama kimehifadhiwa wapi. Maabara hukitunza ndani ya kipande cha nta, na mara nyingi vipande vipya vyembamba vinaweza kukatwa humo na kusomwa na mtaalamu mwingine bila mgonjwa kuguswa tena na kisu.

Hapo ndipo penye nafasi ya kutafuta maoni ya daktari wa pili, jambo ambalo wengi huliona aibu ilhali madaktari wenyewe wamelizoea. Wakati wake mzuri ni kabla ya upasuaji au kabla ya dozi ya kwanza. Muda unaoruhusiwa hutofautiana: aina nyingi za uvimbe huvumilia siku chache za kuhakikisha, lakini saratani kali ya damu inaweza kuhitaji matibabu ndani ya siku au hata saa. Kwa hiyo muulize daktari wako waziwazi, “Nina muda gani wa kuamua kabla kuchelewa hakujaniletea madhara?”

Katika miadi utasikia juu ya hatua ya ugonjwa, yaani kuanzia 1 hadi 4 kwa aina nyingi za uvimbe, na utaona herufi T, N na M, zinazoeleza ukubwa na kina cha uvimbe, hali ya tezi za limfu zilizo jirani, na kama ugonjwa umesambaa mbali. Muhimu kuliko herufi hizo ni kujua lengo la matibabu: kuponya, kuudhibiti ugonjwa kwa muda, au kupunguza mateso. Daktari anaweza kuona tabu kulitaja kama hukuuliza, basi uliza. Kama ungependa kupata watoto baadaye, sema kabla ya matibabu kuanza, kwa kuwa mbegu au mayai huhifadhiwa kabla ya dawa na mionzi. Nenda na mtu unayemwamini akuandikie majibu, kwa maana neno saratani likishatamkwa, masikio ya mgonjwa huziba.

Matibabu yakianza, omba mpango wake kwa maandishi: majina ya dawa, idadi ya mizunguko, tarehe, na namba ya kupiga usiku. Kisha nunua kipimajoto. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu aliye kwenye tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, ni dharura, kwa kuwa chembe nyeupe za damu hushuka, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na maambukizi madogo yanaweza kuua kwa saa chache. Usimeze dawa ya kushusha homa ukingoje asubuhi. Ukifika mapokezi, sentensi yako ya kwanza iwe, “Niko kwenye tibakemikali na nina homa,” maana ukisema homa peke yake utawekwa kwenye foleni. Dawa za mitishamba nazo zitaje zote bila woga, kwani baadhi yake hubadilisha nguvu ya dawa za hospitali.

Kwa upande wa bima, pata kibali kwa maandishi kabla ya kila hatua kubwa, na ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi ili daktari aweze kuijibu.

Maumivu yasivumiliwe kimya. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limekuwa na mwongozo wa kutibu maumivu ya saratani, na mofini, dawa kali ya maumivu, imo ndani yake. Omba mapema tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso. Si huduma ya siku za mwisho pekee, na hutolewa sambamba na tibakemikali au mionzi.

Matibabu yakimalizika, usiondoke bila muhtasari wake: dawa ulizopewa na jumla ya dozi, sehemu ya mwili iliyopigwa mionzi na kiasi chake, na ratiba ya uchunguzi. Doksorubisini, kwa mfano, ambayo ni dawa ya tibakemikali, ina kiwango cha jumla ambacho hakipaswi kupitwa maishani kwa sababu huathiri moyo, na daktari atakayekutibu miaka 10 baadaye atahitaji kujua ulishapokea kiasi gani. Karatasi hiyo iweke mbele kabisa ya faili, na nakala yake umpe ndugu aitunze.